Ekzosi ya dizeli yenye tabo: pima presha kabla hujakata bomba

Swali: "Habari za kazi, mtaalamu. Nina gari la dizeli lenye tabo, injini ya lita 2.0, silinda 4, nguvu za farasi 140 kwa mujibu wa kitabu chake. Limeshatembea kilomita 190,000. Sailensa ya nyuma imeoza kwa kutu na lazima niibadilishe. Fundi mmoja ananiambia nisihangaike na sailensa peke yake: nifunge bomba la inchi 3 kuanzia kwenye tabo mpaka nyuma, niondoe katalisti na kichujio cha masizi, gari litapata farasi 30 za ziada na litapunguza kula mafuta. Fundi wa pili anasema injini inahitaji presha ya nyuma kidogo. Nikiifungua ekzosi nitapoteza nguvu ya kuondokea na nitaunguza vali. Gari naenda nalo kazini, kilomita 15 za mjini kila siku, na mara mbili kwa mwezi huvuta tela lenye mzigo kwenye milima. Siku hizi naona linazidi kuwa zito likipanda. Nimwamini nani kati ya hawa wawili?"

Jibu:

Asante kwa kueleza gari lako na safari zako kwa undani, maana jibu linategemea hayo yote. Ndani ya swali lako mna mambo matatu yaliyofungwa pamoja: sailensa iliyooza, gari lililokuwa zito, na ahadi ya farasi 30. Sailensa ni kazi ya nusu siku. Uzito wa gari ni dalili ya ugonjwa, na ugonjwa hautibiwi kwa kuongeza upana wa bomba kabla haujajulikana. Hizo farasi 30 zipo kweli, lakini hazikai pale fundi wako wa kwanza anapokuonyesha. Kwa hiyo kwa sasa usimfuate yeyote kati yao, ingawa kila mmoja ameshika kipande cha ukweli.

Nianze na fundi wa pili, kwa sababu hili la "presha ya nyuma", yaani presha ya moshi uliobanwa kwenye bomba inayoikaba injini, linarudiwa sana. Limetoka kwenye injini za petroli zisizo na tabo. Kule, kila vali ya kutolea moshi inapofunguka, wimbi la presha hukimbia ndani ya bomba, hufika mahali bomba linapopanuka au kuungana na mengine, kisha hurudi likiwa wimbi la mvuto. Urefu na upana wa bomba ukilingana na mwendo wa injini, wimbi hilo hufika wakati mwafaka na kusaidia kufyonza moshi uliobaki kwenye silinda. Ukiweka bomba nene mno, moshi unapoteza kasi, mawimbi yanafifia na gari linalegea chini. Mtu akiona hivyo husema amekosa presha, kumbe amekosa mawimbi yenye mpangilio. Kwenye gari lako, katikati ya silinda na bomba limekaa gurudumu la tabo, ile feni inayozungushwa na moshi ili isukume hewa ndani ya injini, na gurudumu hilo huvunja karibu mawimbi yote. Baada ya tabo hakuna wimbi la maana la kulinda. Presha yoyote iliyoko pale ni mzigo. Na vali haziungui kwa sababu ekzosi imefunguka. Huungua kwa joto kupita kiasi au kwa kutokaa vizuri kwenye kiti chake, na ekzosi inayopumua vizuri hupunguza joto hilo.

Sasa tuone mzigo huo una uzito gani, maana hapa ndipo penye kiini cha mambo. Gurudumu la tabo halizungushwi na presha ya moshi peke yake. Linazungushwa na joto la moshi pamoja na uwiano kati ya presha iliyo mbele yake, upande wa injini, na presha iliyo nyuma yake, upande wa bomba. Tuseme injini iko kwenye nguvu zote, na ili tabo lisukume hewa inayotakiwa linahitaji uwiano wa 2. Kama nyuma ya tabo kuna presha halisi ya bari 1.3 (yaani ukijumlisha na presha ya hewa ya kawaida, ambayo ni karibu bari 1), upande wa injini itabidi kuwe na bari 2.6. Ukiishusha ile ya nyuma hadi 1.1, ya mbele inashuka hadi 2.2 na tabo linafanya kazi ile ile. Umepunguza bari 0.2 kwenye bomba, injini imepunguziwa bari 0.4. Tabo huzidisha kila unachokifanya nyuma yake, liwe jema au baya. Ndiyo maana bomba lililobonyea au kichujio kilichoziba huliumiza gari lenye tabo kuliko lisilo nalo.

Hizo bari 0.4 ni sawa na farasi wangapi? Injini ya lita 2.0 kwenye mizunguko 4,000 kwa dakika hutoa moshi wa ujazo wake mzima mara 2,000 kwa dakika, yaani mara 33 hivi kwa sekunde. Pistoni isiposukuma dhidi ya bari 0.4 za ziada, unaokoa takriban kilowati 2.7. Hizo ni farasi 3 na nusu hivi. Ongeza kidogo kwa sababu silinda inabaki na moshi mchache na inapokea hewa safi zaidi. Hayo ndiyo mavuno ya bomba lenyewe kwenye injini yako, tena kwa mfano wa ekzosi iliyokuwa imebana kiasi. Ni kitu halisi, lakini hutakihisi ukiwa kwenye usukani.

Farasi 30 zinatoka kwenye mafuta. Dizeli haiendeshwi kama petroli. Petroli hupimiwa hewa, dizeli hupimiwa mafuta: kompyuta huangalia ulivyokanyaga, huangalia hewa iliyopo, kisha huamua kila nozeli inyunyize kiasi gani. Ukiipa hewa zaidi bila kubadilisha hesabu ya mafuta, unachopata ni moto uliopoa kidogo na moshi safi zaidi. Tena kompyuta ina presha ya tabo inayoilenga. Ekzosi ikifunguka na tabo likapanda haraka, inafungua vali ya kupunguzia au inalegeza mapezi ya tabo ili irudi kwenye namba yake. Programu ya injini ikiandikwa upya na mtu anayejua, injini ya aina yako huweza kuongeza farasi 25 hadi 35 hata ekzosi ikiwa ile ile ya kiwandani. Kazi ya ekzosi pana hapo ni kuifanya nguvu hiyo ivumilike: tabo lisikimbie kupita kiasi, joto lisipande mno.

Na mafuta je, yatapungua? Kwa safari zako, hapana. Presha ndani ya bomba hupungua kwa kipeo cha pili cha mtiririko. Ukiwa mjini, moshi unaopita ni theluthi moja au chini ya ule wa nguvu zote, hivyo presha ya nyuma ni kama moja ya tisa. Bari 0.3 inabaki 0.03. Hapo hakuna cha kuokoa.

Turudi kwenye uzito wa kupanda, jambo linalonipa wasiwasi kuliko mengine. Gari la dizeli lenye kichujio cha masizi, linalotembea kilomita 15 mjini kila siku, limekwenda kilomita 190,000: mtuhumiwa wa kwanza ni kichujio chenyewe. Kichujio hukusanya masizi, kisha kila baada ya kilomita mia kadhaa kompyuta huyachoma kwa kunyunyiza mafuta ya ziada ili joto ndani yake lifike takriban nyuzi 600 za Selsiasi. Uchomaji huo huchukua dakika 10 hadi 20 za mwendo mfululizo. Ukizima injini katikati, kazi inaachwa nusu, na baada ya kuachwa nusu mara nyingi masizi yanazidi. Isitoshe, ndani yake kuna jivu litokanalo na viambato vya oili ya injini, na jivu haliungui kamwe. Kwa umri wa gari lako, jivu limeshachukua sehemu ya nafasi.

Mtuhumiwa wa pili ni upande wa hewa: mpira uliopasuka kati ya tabo na intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye tabo), klampu iliyolegea, intakula inayovuja, sensa ya hewa iliyochafuka, vali ya kurudishia moshi iliyoganda kwa masizi. Haya husababisha uzito ule ule. Bomba jipya la ekzosi halitibu hata moja kati yao.

Kwa hiyo pima. Kifaa cha kusoma kompyuta ya gari kinatosha kuanzia. Washa swichi bila kuwasha injini, usome sensa ya tofauti ya presha ya kichujio: lazima iwe sifuri au karibu kabisa na sifuri. Kama siyo, sensa imechoka au vijibomba vyake viwili vya mpira vimeziba au kupasuka, na namba zote zitakazofuata ni uongo. Kisha, injini ikiwa imepata moto kamili, soma ikiwa inaunguruma tu. Kichujio kizuri huonyesha milibari chache (milibari 1,000 ni bari 1). Mwisho, mtu mwingine akiwa anaangalia kifaa, panda mlima kwa gia ya 3 au ya 4 ukikanyaga mpaka chini, na uandike namba ya juu kabisa. Wakati huohuo linganisha presha ya tabo inayotakiwa na kompyuta na ile inayopatikana. Ikikosekana kwa muda mrefu na gari limehifadhi hitilafu P0299, tafuta uvujaji upande wa hewa kwanza. Hitilafu P2463 inasema masizi yamejaa kwenye kichujio.

Baada ya hapo pima presha ya ekzosi nzima. Fungua sensa ya joto iliyo mara tu baada ya tabo, ufunge mahali pake kiungio chenye kijibomba cha shaba cha urefu wa mita moja hivi. Shaba inapoza moshi usiunguze mpira. Mwishoni unganisha mpira na geji ya bari 0 hadi 1, ipitishe mbali na vitu vya moto, na urudie ule mlima. Geji ikisoma 0.30 na sensa ya kichujio ikisoma 0.18, basi mabomba na sailensa vinabeba 0.12 iliyobaki. Sasa unajua pesa yako iende wapi. Kwa kipimo changu, jumla ikiwa chini ya 0.15 gari halina tatizo la ekzosi, bomba pana ni mapambo. Kati ya 0.15 na 0.3, mtu anayevuta mizigo atafaidika kulipanua. Ikizidi 0.4, kuna kitu kimeziba au kimebonyea, na hicho ndicho cha kushughulikia.

Kama kichujio ndicho kilichojaa, hatua ya kwanza ni kukichoma kwa amri ya kifaa. Gari liwe nje, mahali pasipo majani makavu, tangi lisiwe chini ya robo, na mtu asimame mbali na mdomo wa ekzosi. Kabla na baada, angalia kiwango cha oili kwenye kijiti: yale mafuta ya ziada mengine huteremka hadi kwenye oili, na oili iliyopanda juu ya alama ya mwisho lazima imwagwe, haina ulinzi tena. Presha ya kichujio isiposhuka, kitolewe kisafishwe kwenye mashine maalumu ya kusukuma maji na hewa kinyume na mwelekeo wa moshi. Usimruhusu mtu akitie asidi au akipige kwa maji ya presha kubwa kutoka karibu. Kuta zake ni nyembamba na zikivunjika hakifai tena. Baada ya hapo tumia oili yenye jivu dogo, ile ya daraja C la ACEA (chama cha watengenezaji magari wa Ulaya) ambalo kitabu cha gari kinataja.

Kuhusu kukiondoa kabisa, nakuomba usifanye. Nasema hivi nikijua fika kwamba kukiondoa hupunguza presha kuliko badiliko lingine lolote. Mwaka 2012 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, na kichujio kinazuia sehemu kubwa sana ya masizi hayo madogo yanayoingia mpaka ndani kabisa ya mapafu. Wa kwanza kuyavuta ni watu wa nyumbani kwako, gari likiwashwa asubuhi. Nchi nyingi zinakataza na ukaguzi unalikataa gari. Bima nayo inaweza kukuacha. Kiufundi, kompyuta itagundua kwamba hakipo na kuandika hitilafu kama P2002, kisha utauziwa programu ya kuidanganya, na kuanzia hapo gari halina tena jicho la kuona tatizo halisi likija. Kichujio kilichosafishwa na mabomba mazuri nyuma yake vinatosha kwa injini yako, hata ikiongezwa nguvu kwa kiasi.

Tuje kwenye upana wa bomba. Injini yako kwenye mizunguko 4,000, tabo likisukuma bari 1.2 juu ya presha ya kawaida, hupitisha takriban gramu 140 za hewa kwa sekunde. Moshi ukiwa na nyuzi 400 baada ya tabo, hizo ni lita 270 kwa sekunde. Ndani ya bomba la kiwandani la milimita 51, ukitoa unene wa chuma, moshi unakimbia mita 150 kwa sekunde. Kwenye bomba la milimita 63.5, yaani inchi 2 na nusu, unakimbia mita 94. Kwenye inchi 3 unakimbia mita 65. Msuguano hupungua kwa kasi zaidi ya hapo, kwa sababu unafuata kipeo cha tano cha kipenyo: kutoka 51 kwenda 63.5, presha inayopotea kwenye bomba hushuka hadi theluthi moja. Kama mabomba yako yalikuwa yanabeba 0.12, sasa yatabeba 0.04. Ukienda inchi 3, utaokoa labda 0.02 nyingine, huku ukibeba chuma kizito zaidi, nafasi finyu juu ya ekseli, na kelele. Kwa farasi 140 hadi 180, inchi 2 na nusu ndiyo saizi. Inchi 3 ina maana injini ikivuka farasi 200 na kitu.

Mahali pa kuanzia ni karibu na tabo, kwa sababu pale moshi ni wa moto zaidi, una ujazo mkubwa zaidi, na kona ni kali. Lakini chungulia kwanza. Kwenye magari mengi kichujio na katalisti vimekaa ndani ya kopo moja lililobanwa moja kwa moja kwenye tabo. Kama lako ni hivyo, hilo kopo ndilo bomba la kwanza, liache. Kama kichujio kiko chini ya sakafu, unaweza kubadilisha bomba la kwanza kwa lenye kona pana na katalisti yenye matundu makubwa zaidi. Katalisti yenyewe, ile iliyotobolewa kama sega la nyuki, ibaki: ndiyo inayochoma mafuta ya ziada ili kichujio kipate joto lake. Ukiitoa, kichujio kinajaa upya.

Sehemu iliyo kabla ya tabo usiiguse. Kule tunataka joto na kasi, siyo upana. Manifoldi (mkusanyiko wa mabomba unaopeleka moshi wa silinda kwenye tabo) kubwa ya kuvutia macho huchelewesha tabo kuamka.

Ukinunua au kutengenezesha, angalia kona kuliko kung'aa. Bomba lililokunjwa kwa mashine isiyo na mandreli, yaani kiini kinachoshikilia bomba kwa ndani, hubonyea kwenye kona, na bomba la 63.5 lenye kona zilizobonyea linaweza kubana kuliko la 57 lililokunjwa vizuri. Chuma cha pua cha daraja la 304, unene wa milimita 1.5, hudumu miaka mingi. Daraja la 409 ni nafuu, hushika kutu ya juu juu lakini huvumilia joto. Chuma cha kawaida kilichopakwa alumini ni cha bei ndogo na huanza kuoza kwenye mishono. Cha 304 kina tabia moja ya kujua: hurefuka sana kikipata moto. Bomba la mita 3 likipanda nyuzi 300 huongezeka takriban milimita 15. Ndiyo maana raba za kuning'inizia lazima ziliache litembee, na kiungo cha kunepa kilichosukwa kwa waya karibu na injini lazima kibaki. Mafundi wengine hukitoa wakiweka bomba kavu. Injini inapojitikisa kwenye raba zake, nguvu yote huenda kwenye manifoldi na masikio ya tabo, na baada ya miezi kadhaa utaona ufa.

Sensa zote zirudi kila moja mahali pake: ya joto, ya oksijeni, na vijibomba vya presha. Tundu la sensa ya oksijeni lielekee juu, kati ya namba 10 na namba 2 kwenye uso wa saa, yaani nusu ya juu ya bomba, ili maji yanayoganda gari likiwa baridi yasiizamishe. Kwenye nyuzi zake paka grisi ya kuzuia kuganda, kidogo, isifike kwenye ncha. Kwenye kuchomelea, ndani ya bomba la pua papitishwe gesi ya agoni. Bila hiyo, upande wa ndani wa mshono unavimba chembechembe nyeusi kama sukari iliyoungua, dhaifu na zenye kukwaruza mtiririko. Kwenye gari fundi ashike kwa nukta tu ili kupata mpangilio, kisha atoe amalizie mezani. Akilazimika kuchomelea likiwa garini, aondoe waya hasi wa betri na aweke ethi ya mashine karibu kabisa na mshono.

Acha nafasi ya milimita 25 kati ya bomba na bodi, na angalau 50 pamoja na bati la kuzuia joto mahali linapopita karibu na mabomba ya breki au ya mafuta. Boliti za zamani zipulizie mafuta ya kulegeza kutu usiku mmoja kabla. Studi ya tabo ikikatika, kazi ya saa mbili inageuka ya siku mbili. Gaskiti na nati ziwe mpya zote. Funga kila kiungo kwa kulegea kwanza, panga bomba zima likae bila kujisokota, ndipo ukaze kuanzia kwenye tabo kwenda nyuma, kwa torki iliyoandikwa kwenye kitabu. Kazia gari likiwa juu ya stendi imara. Jeki peke yake haitoshi.

Kelele nayo ina hesabu yake. Tabo limeshameza sauti nyingi, kwa hiyo dizeli yako haitapiga makelele hata ukiweka sailensa ya nyuma ya kupitisha moja kwa moja, ile yenye bomba la matundu lililozungushiwa pamba ya kuvumilia moto. Tatizo ni mvumo mzito ndani ya gari kwenye mwendo wa barabara kuu. Injini ya silinda 4 kwenye mizunguko 2,000 huwaka mara 67 kwa sekunde, na sauti ya hezi 67 ndiyo inayochosha kichwa safari ya saa tatu. Kuna njia ya kuifuta kwa kuchomeka bomba la pembeni lililozibwa mwisho, ila kwa sauti nzito hivyo bomba hilo linahitaji urefu wa mita 1.5 hadi karibu 1.8. Hakuna pa kuliweka. Njia ya maana ni kuibakisha sailensa ya katikati, hata kama fundi anasema haina kazi. Ukiwa unavuta tela utaishi kwenye mizunguko hiyo hiyo 2,000 hadi 2,500, na utaishukuru.

Kwa mpangilio wa safari zako, mimi ningefanya hivi. Kwanza vile vipimo, kisha kusafisha kichujio au kuziba uvujaji wa hewa, kutegemea kilichoonekana. Hapo uzito mwingi utaondoka. Pili, kwa kuwa sailensa lazima ibadilishwe, funga bomba la milimita 63.5 kuanzia baada ya kichujio, lenye sailensa ya katikati na ya nyuma. Kama geji ilionyesha mabomba yanabeba chini ya 0.05, hata hilo liache: weka sailensa ya kawaida na pesa inayobaki ipeleke kwenye oili na matairi. Tatu, na tatu tu, ndipo ufikirie programu. Kwa kilomita 190,000 kagua klachi kabla; mvuto mpya ukiikuta imechakaa, itaanza kuteleza mwezi huohuo. Weka pia geji ya joto la moshi kabla ya tabo. Ukiwa na tela mlimani lisikae juu ya nyuzi 750. Likikaribia hapo, punguza kanyagio na ushuke gia, usiling'ang'anize kwenye mizunguko ya chini.

Baada ya kufunga, washa injini ikiwa baridi, na msaidizi azibe mdomo wa ekzosi kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache wakati wewe unasikiliza viungo vyote. Masizi meusi yaliyochorwa kando ya flenji baada ya siku mbili yanasema panavuja. Kaza tena baada ya kilomita 100 hivi, chuma kikiwa kimepoa, maana gaskiti hukaa baada ya kupata moto mara kadhaa. Ikiwa gari sasa linakata nguvu ghafla ukikanyaga na linaandika P0234, tabo linapanda haraka kuliko kompyuta ilivyozoea. Mapezi yake yakaguliwe na programu irekebishwe. Usilifute kosa hilo na kuendelea.

Kuna mambo ambayo hayafai kusubiri ushauri wa kuandikiana. Ukisikia tabo likilia kama king'ora, ukikuta oili mbichi ndani ya bomba la kwanza au kwenye intakula, ukiona moshi wa bluu, au ukinusa moshi ndani ya gari, lipeleke kwa fundi wa tabo kabla ya safari nyingine. Moshi mweupe usiokoma huku maji ya rejeta yakipungua nao ni hivyo hivyo. Na injini ikianza kupanda mizunguko yenyewe bila wewe kukanyaga, inakunywa oili yake kupitia tabo. Kuzima kwa ufunguo huenda kusisaidie. Kama gari ni la gia za mkono, simama ukiwa umekanyaga breki kwa nguvu zote, weka gia ya juu kabisa, achia klachi ghafla ili uizimishe kwa lazima, kisha ushuke na usikae karibu na boneti. Usiiwashe tena, ita gari la kuvuta.